Glasgow, 1888: Daktari aliyehesabu vifo kwa idadi ya vyumba

Mwaka 1885 katika jiji la Glasgow, Scotland, kwa kila watu 1,000 waliokuwa wakiishi katika nyumba za chumba kimoja au viwili, walikufa karibu 28. Kwa wenye vyumba vitatu au vinne, walikufa kati ya 19 na 20. Kwa wenye vyumba vitano na kuendelea, walikufa 11 na ushee. Jiji ni lile lile, moshi wa viwanda ni ule ule, maji ya bomba yanatoka ziwa moja. Aliyezipigia hesabu namba hizo ni James Burn Russell, daktari mkuu wa afya wa jiji kuanzia 1872 hadi 1898. Tuangalie alizipataje, kwa nini ziliweza kutiliwa shaka, na jiji lilifanya nini baada ya kuzijua.

Niseme msimamo wangu mapema. Wanafunzi wa afya ya jamii huanza na ramani ya kipindupindu ya London ya mwaka 1854, na ni haki yao, kwa sababu ramani ile ni kazi safi. Lakini ramani ile ilielekeza kidole kwenye pampu moja ya maji ya kunywa, na mpini wa pampu unang'olewa kwa siku moja. Russell alielekeza kidole kwenye chumba ambamo mtu analala, anapika, anajifungua na anafia. Hicho haking'olewi na fundi. Ndiyo maana naona kisa cha Glasgow kinatufaa zaidi: kinaonyesha yanayotokea pale chanzo cha vifo kinapojulikana na dawa yake ni ghali.

Jiji lenyewe

Mwaka 1801 Glasgow ilikuwa na watu wapatao 77,000. Sensa ya 1871 ilikuta zaidi ya 477,000. Walikuja kutoka nyanda za juu za Scotland na kutoka Ireland, hasa baada ya njaa ya viazi ya miaka ya 1840, wakifuata kazi za pamba, chuma na meli. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Wenye nyumba walichofanya ni kujaza kila nafasi iliyobaki. Jengo la mawe la ghorofa tatu au nne lilisimama barabarani. Ukipita uchochoro wake unatokea uwani, na hapo uwani pamejengwa jengo jingine, na nyuma yake jingine tena, mpaka jua likashindwa kufika chini. Ngazi ilikuwa ya wote na choo cha uani kilikuwa cha wote.

Wenye uwezo walihamia magharibi, upande ambao upepo wa kawaida unatoka, na majumba yao ya zamani ya katikati ya mji yakakatwakatwa kwa mbao kuwa vyumba vya kupanga. Hata chuo kikuu kiliondoka High Street mwaka 1870 kikahamia kilima cha Gilmorehill, na kiwanja chake cha karne nyingi kikawa mali ya reli.

Kuna jambo la mipaka hapa ambalo msomaji wa takwimu asilipite haraka. Baadhi ya vitongoji vya kitajiri, kama Hillhead na Pollokshields, vilikuwa na mabaraza yao wenyewe hadi 1891. Wakazi wake walifanya biashara Glasgow, lakini hawakulipa kodi ya majengo ya Glasgow na vifo vyao havikuingia kwenye hesabu ya Glasgow. Mwaka 1891 mipaka ikapanuliwa wakaingizwa. Ukiingiza maelfu ya watu wanaokula vizuri na kulala kwa nafasi, wastani wa vifo wa jiji unashuka kwenye karatasi, na hakuna mtoto hata mmoja wa mitaa ya kati aliyeokolewa. Kabla hujaamini kwamba kiwango cha vifo cha mji wowote kimepungua, uliza kwanza kama mpaka haujasogezwa.

Ugonjwa unaosikia bomba na usiosikia

Kipindupindu kiliua watu wapatao 3,000 Glasgow mwaka 1832. Kilirudi 1848 hadi 1849, na tena 1853 hadi 1854, na kila safari kiliua karibu 4,000. Kisha jiji likafanya jambo ambalo hadi leo linastahili heshima. Liliamua kuleta maji kutoka Loch Katrine, ziwa la milimani kiasi cha kilomita 55 kaskazini, kwa mfereji na mahandaki yanayotumia mteremko tu, kazi iliyosimamiwa na mhandisi John Frederic Bateman. Malkia Victoria aliufungua mradi Oktoba 1859. Kipindupindu kilipozuka tena Uingereza mwaka 1866, waliokufa Glasgow hawakufika 100.

Lingekuwa jambo la kawaida kutangaza ushindi hapo. Lakini vifo vya jumla havikuanguka pamoja na kipindupindu. Bomba lilimfikia maskini na tajiri kwa maji yale yale, likafuta ugonjwa unaosafiri ndani ya maji. Tifasi haisafiri majini. Huenezwa na chawa wa nguo, ingawa hilo lilithibitishwa na Charles Nicolle mwaka 1909 tu, baada ya Russell kufariki. Surua na kifaduro hupita kwa pumzi. Kifua kikuu hupita kwa pumzi, na kinahitaji muda mrefu wa kukaa karibu na mgonjwa. Magonjwa haya yote yanahitaji watu waliobanana, na Glasgow ilikuwa nao.

Tifasi ilikuwa imeshaua watu kwa maelfu mwaka 1847, na ikapanda tena 1864 na 1865. Mwaka 1865 jiji lilifungua hospitali yake ya homa huko Parliamentary Road, iliyojengwa kwa fedha za baraza, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Russell, kijana bado. Ni mwaka huo huo, katika hospitali ya Royal Infirmary ya mji huo, daktari mpasuaji Joseph Lister alianza kuosha vidonda kwa asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu. Lakini Lister alikuwa na mgonjwa kitandani. Russell alikuwa akipokea wagonjwa kutoka kwenye uchochoro ule ule, ngazi ile ile, wakati mwingine chumba kile kile, anawaponya na kuwarudisha huko. Naamini hapo ndipo jicho lake lilipotoka kwenye mitaa likaingia ndani ya mlango.

Hesabu

Kabla yake, daktari wa kwanza wa afya wa jiji, William Gairdner, aliyeanza 1863, alikuwa amelikata jiji katika wilaya za kitakwimu ili kila moja ionekane peke yake. Ilikuwa hatua kubwa. Mitaa ya kati, karibu na Glasgow Cross, High Street, Saltmarket na Bridgegate, ilionyesha vifo mara mbili na zaidi ya vile vya magharibi, na umbali kati yao haufiki hata maili mbili.

Lakini wilaya nayo ni wastani. Mtaa mmoja una duka chini, mwenye duka ghorofa ya kwanza katika vyumba vinne, na juu na nyuma yake familia ishirini za chumba kimoja. Ukiwajumlisha, vifo vya hao ishirini vinapunguzwa na uzima wa mwenye duka. Russell alitaka kuwatenganisha.

Kiwango cha vifo ni sehemu: juu kuna waliokufa, chini kuna waliokuwepo. Juu alikuwa na daftari la vifo, kwa kuwa Scotland ilianza kuandikisha vizazi na vifo kisheria Januari 1855, na kila kifo kiliandikwa pamoja na anwani. Anwani haisemi nyumba ina vyumba vingapi, kwa hiyo ilibidi kila anwani ifuatiliwe ijulikane. Chini alikuwa na kitu ambacho wenzake wa London na Manchester hawakuwa nacho. Tangu 1861 sensa ya Scotland iliuliza kila kaya ina vyumba vingapi vyenye dirisha. England, jirani ya kusini, haikuuliza vyumba hadi 1891. Bila swali hilo moja la karani wa sensa, kazi ya Russell isingewezekana, na wale wanaokata maswali ya sensa ili kuokoa fedha wangefaa kulikumbuka.

Sensa ya 1881 ilionyesha kwamba robo ya wakazi wa Glasgow waliishi chumba kimoja, na asilimia 45 nyingine vyumba viwili. Watu saba katika kila kumi. Wenye vyumba vitano na zaidi walikuwa asilimia 8 hivi.

Sasa weka vifo juu yake. Katika watoto wote waliokufa Glasgow kabla ya kutimiza miaka mitano, asilimia 32 walifia katika nyumba za chumba kimoja, na hata asilimia 2 hawakufikia waliofia katika nyumba za vyumba vitano na kuendelea. Ukisoma haraka unaona 32 dhidi ya 2 na unashtuka, lakini huo si ulinganifu wa haki, kwa sababu makundi hayalingani kwa ukubwa. Linganisha hivi: robo ya watu walitoa karibu theluthi ya vifo vya watoto, asilimia 8 ya watu walitoa chini ya asilimia 2. Kundi la kwanza limezidisha fungu lake kwa kama robo na ushee, la pili halikufikisha hata robo ya fungu lake. Ukigawanya, tofauti ni mara tano hivi. Bado inatisha, na sasa ni ya kweli zaidi.

Hata hapo kuna maswali matatu ambayo mkaguzi makini angeyauliza, na yote yana uzito.

La kwanza ni umri. Nyumba kubwa zilikuwa na watumishi wa kike, vijana wenye afya waliotoka mashambani, na wakiugua sana mara nyingi walirudishwa kwao. Wanaongeza watu chini ya sehemu bila kuongeza vifo juu. Nyumba za chumba kimoja zilijaa watoto wachanga, na mtoto mchanga hufa kirahisi popote. Kwa hiyo 28 dhidi ya 11 haiwezi kusomwa yote kama kazi ya chumba.

La pili ni hospitali. Maskini aliyefia Royal Infirmary au kwenye nyumba ya maskini asihesabiwe kuwa mkazi wa hapo, arudishwe mlangoni kwake. Asiporudishwa, wilaya yenye hospitali inaonekana kuwa na vifo vingi mno na mtaa alikotoka unaonekana salama. Safari hii kosa linapunguza tofauti.

La tatu ndilo gumu. Je, chumba kinaua, au umaskini unaua na chumba ni anwani yake tu? Mtu wa chumba kimoja alikula vibaya pia, alifanya kazi mbaya, alikunywa pombe zaidi, na pengine alihamia chumba kimoja baada ya kuugua na kushindwa kulipa kodi ya vyumba viwili. Namba za Russell haziwezi kutenganisha haya. Binafsi naona jibu liko kwenye aina ya magonjwa. Kama ni njaa peke yake inayoua, magonjwa yote yangepanda kwa pamoja. Kinachojitokeza ni kwamba yaliyobaki baada ya maji safi ni yale yanayopita kwa pumzi na kwa mguso. Surua inampata karibu kila mtoto, tajiri na maskini. Lakini mtoto wa chumba kimoja anaipata mapema, akiwa na mwaka mmoja au miwili, kutoka kwa kaka anayelala naye, na katika umri huo surua inaua.

Bati mlangoni

Sheria za polisi za jiji za 1862 na 1866 ziliruhusu nyumba ndogo, zisizozidi vyumba vitatu na ujazo wa futi 2,000, zipimwe. Baada ya kupimwa, kibati kilipigiliwa mlangoni kikionyesha ujazo na idadi ya watu wazima wanaoruhusiwa kulala humo: futi 300 za ujazo kwa mtu mzima, na mtoto wa chini ya miaka minane alihesabiwa nusu. Chumba cha futi 12 kwa 10 chenye kimo cha futi 8 kina futi 960. Hao ni watu wazima watatu. Baba, mama na watoto wawili wadogo wanatosha. Akija shangazi kutoka Ireland kutafuta kazi, familia imevunja sheria.

Kufikia miaka ya 1880 nyumba zenye vibati zilizidi 20,000. Mabwana afya walizikagua usiku wa manane, maana mchana hakuna anayelala. Walibisha hodi, wakaingia na taa, wakahesabu miili. Waliokuwa wamezidi walijificha makabatini, chini ya kitanda kilichojengwa ukutani, wengine walipanda juu ya paa katika baridi ya Scotland. Waliokutwa walipelekwa mahakamani kutozwa faini.

Namheshimu Russell, na ni kwa sababu hiyo nasema waziwazi kwamba hapa jiji lilikosea, naye akiwa mmoja wa wakuu wake. Kibati kilimhesabu mpangaji kama mkosaji. Aliyezidi chumbani alikuwa mtu aliyelipia mahali pa kulala, ambaye kodi yake ilimwezesha mama mjane kubaki na paa, au ndugu asiye na kwingine kwa kwenda. Kumfukuza hakukuongeza chumba hata kimoja mjini. Kulimsogeza mlango wa pili.

Kubomoa kulileta matokeo hayo hayo kwa ukubwa zaidi. Sheria nyingine ya 1866 ililipatia jiji mamlaka ya kununua na kuvunja ekari 88 katikati ya mji, zilizokaliwa na watu wapatao 51,000. Hiyo ni kama watu 580 kwa ekari, yaani watu 1,000 wakiishi ndani ya kiwanja kimoja cha mpira. Thomas Annan alipewa kazi ya kupiga picha nyochoro hizo kabla hazijavunjwa, na ukitazama picha zake utaona nguo zilizoanikwa juu ya vijia vyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Kodi maalumu ilitozwa kugharimia mradi, na Lord Provost (meya wa jiji) John Blackie aliyeutetea akapoteza kiti chake mwaka huo huo wa 1866. Ubomoaji ulikwenda, ujenzi haukwenda. Benki ya City of Glasgow ilipoanguka 1878, soko la ardhi lilianguka nayo na mradi ukasimama kwa miaka. Waliovunjiwa walijibana kwenye mitaa ya jirani. Katika daftari, wilaya iliyovunjwa ilipata nafuu.

Niwe wa haki pia. Kiwango cha vifo cha Glasgow kilishuka kutoka karibu 30 kwa kila 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1870 hadi karibu 21 mwishoni mwa karne. Tifasi ilikaribia kutoweka. Ofisi ya Russell ilikuwa na hospitali ya Belvidere iliyofunguliwa 1870, nyumba za kupokelea familia za wagonjwa wakati chumba chao kikisafishwa, na mahali pa kuchemshia nguo na matandiko bila malipo. Huduma hizo zilimsaidia mtu bila kumshitaki, na ziliua chawa hata kabla ya chawa kujulikana kuwa mkosaji.

Februari 1888 Russell alikwenda kuzungumza mbele ya watu wa parokia ya Park, kilimani, mitaa ya kifahari karibu na bustani ya Kelvingrove. Aliwaomba wajiweke wenyewe, na haya zao, uzazi wao, magonjwa yao na watoto wao, ndani ya chumba kimoja. Aliwaambia kwamba mtoto mmoja katika kila watano wanaozaliwa humo haoni mwisho wa mwaka wake wa kwanza, na kwamba akifa, mwili wake hulazwa juu ya meza au kabati la vyombo ili usiwe njiani, huku ndugu zake wakila, wakicheza na kulala pembeni yake. Hakuwa anatafuta machozi. Alikuwa anaeleza njia ya maambukizi: mtoto aliyekufa kwa surua na watoto watatu waliobaki naye chumbani hadi siku ya mazishi.

Agosti 1900 jambo hilo hilo lilijirudia kwa ugonjwa mwingine. Tauni iliingia Gorbals, kusini mwa mto Clyde. Russell alikuwa ameshahamia Local Government Board ya Scotland, bodi ya serikali iliyosimamia mabaraza na afya, na mrithi wake, A. K. Chalmers, ndiye aliyefuatilia. Uhusiano kati ya wagonjwa ulipatikana kwenye mikesha ya maiti, chumbani, ndugu na majirani wakiwa wamejaa pembeni ya marehemu. Mikesha ikapigwa marufuku, waliogusana na wagonjwa wakapelekwa kwenye nyumba za mapokezi, vyumba vikanyunyiziwa dawa. Waliougua walikuwa 35 hivi, na 16 wakafariki. Tauni ya wimbi hilo hilo la dunia ilifika Nairobi mwaka 1902, na huko wakuu wa kikoloni waliichoma moto Bazaar ya Wahindi. Glasgow haikuchoma mtaa wake. Ilikuwa na daftari, wakaguzi na hospitali, na wenye vyumba vile walikuwa na haki kisheria.

Mwaka 1890 kipimo cha kibati kilipandishwa kutoka futi 300 hadi 400 kwa mtu mzima. Nyumba nyingi zikawa zimejaa kupita kiasi kwa siku moja, bila mtu yeyote kuhama. Sensa ya 1911 bado ilikuta zaidi ya nusu ya wakazi wa Glasgow kwenye chumba kimoja au viwili. Tume ya Kifalme kuhusu makazi ya Scotland ilitoa ripoti yake 1917, ikakiri kwamba wajenzi binafsi wameshindwa na kwamba dola lazima ibebe mzigo huo. Sheria ya 1919 ikayapa mabaraza wajibu wa kujenga kwa ruzuku ya serikali, miaka 31 baada ya watu wa Park kuelezwa namba zote.